Kiboko Aliyepata Kazi

Mgeni alibisha hodi Jumamosi asubuhi nikiwa nimepiga magoti sebuleni, nikipaka rangi nyeusi ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Nilifungua mlango na brashi mkononi. Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la kijivu, na kifuani alikumbatia kitu kilichofungwa kwa gunia, vile mtu anavyomkumbatia kuku asiyetaka kusafiri.

"Hapa ndipo kuna kamera isiyo na kofia?" aliuliza.

"Ni hapa, mzee. Karibu ndani."

"Mwenyewe yuko?"

"Mwenyewe ni mimi. Naitwa Kageha."

"Nilidhani ni mwanamume."

"Pole, mzee."

"Haidhuru," alisema kwa upole, kama mtu aliyeamua kunisamehe. Aliingia, akauona mkebe ukidondosha rangi kwenye gazeti. "Hicho ndicho ulitaka kuivisha kamera?"

"Nilikuwa najaribu tu."

"Mm," alisema, akavuta kiti mbali na mkebe kabla ya kukaa.

Mwaka huo ulikuwa 1999. Viwandani walipunguza vibarua, maofisini walipunguza makarani, na mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fasihi na imani kubwa. Niliamini, na bado naamini, kwamba watu wa mitaa yetu ya Umoja na Makadara wanastahili kujiona kwenye televisheni kama watu wengine wote. Kaka yangu Andati, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni na ambaye nilikuwa nikiishi kwake, aliniamini kiasi cha kuninunulia kamera ndogo ya video ya dijitali kutoka duka la Shamis kule Eastleigh. Lakini aliniwekea mpaka. Kama Agosti ingekwisha sijapata kazi ya kudumu kwa kamera hiyo, ingerudi kwa Shamis, ambaye alikuwa tayari kuipokea, nami ningerudi kwetu Vihiga kufundisha chekechea katika shule ya mjomba wetu.

"Sikuchukii, Kageha," Andati aliniambia. "Lakini imani haipikwi ikaiva."

Kamera iliuzwa bila kofia ya lenzi, yaani ule ukingo mweusi unaokaa mbele na kuzuia jua la pembeni lisiingie kwenye kioo. Kofia ya kiwandani ilikuwepo mjini kwa bei ya kumfanya mtu acheke, kisha atoke dukani polepole. Kwa hiyo nilitafuta njia za bei nafuu. Nilikata boksi la biskuti, mvua ikalila. Nilikunja kipande cha tyubu ya baiskeli. Kikalegea kama sikio la mbuzi. Upande wa vichujio, yale mambo ya kupunguza au kulainisha mwanga, nilifanikiwa zaidi. Soksi yangu ndefu ya nailoni, ikivutwa vizuri mbele ya lenzi, ilifuta chunusi za bibi harusi yeyote. Kwa jua kali la mchana nilitumia kioo kimoja cha miwani ya jua ya Andati. Yeye aliendelea kuivaa hivyo hivyo, jicho moja jeusi na jingine wazi, na kituoni kuna mama aliyelalamika kwamba anakonyezwa.

Lakini bila kofia, mambo yalikuwa yameharibika kwenye harusi ya Ndanu, binti wa nyumba ya pili. Jua la jioni liliingia kwa pembeni, na kwenye kanda ukatokea mviringo wa kijani, mkubwa kama sahani, uliotembea juu ya watu. Ulitua kwenye keki. Ukawapitia mashangazi mmoja mmoja. Mwishowe ulikaa juu ya kichwa cha askofu aliyekuwa akiwabariki maharusi, ukatulia hapo mpaka amina. Familia iliisimamisha video mara nyingi ili kuomba. Siku iliyofuata nilibandika tangazo kwenye kioski: anatafutwa fundi wa kutengeneza kofia ya lenzi kwa bei nafuu. Chini yake nilichora duara la ukubwa kamili.

Mzee alilitoa tangazo hilo mfukoni. Alikuwa amelibandua.

"Naitwa Nzau," alisema. "Mchongaji. Nimefuata duara lako bila kukosea."

Alifungua gunia, na kichwa cha kiboko kikatokea.

Kilikuwa kichwa kizima, kikubwa kuliko tikiti, chenye masikio, macho ya kusinzia na mashavu manene. Kinywa kilikuwa wazi kabisa, namna kiboko anavyopiga mwayo mtoni, na meno mawili ya chini yalisimama kama vigingi. Ndani ya kinywa kulikuwa na tundu la mviringo lililopita mpaka kisogoni. Kupitia tundu hilo nilimwona mzee Nzau akinitazama kwa matumaini.

"Mzee," nilisema, "ni kiboko."

"Ndiye."

"Nilikuwa nataka... ukingo tu. Duara."

"Duara liko. Tia mkono."

Nilitia mkono. Duara lilikuwa laini kama bakuli, limepakwa rangi nyeusi ya viatu ili mwanga usirukeruke, na nyuma amelizungushia utepe wa mpira ili lishike lenzi bila kuikwaruza. Ilikuwa kofia bora kuliko ya kiwandani. Ila ilikuwa kiboko.

"Lakini kwa nini kiboko, mzee?"

Alinishangaa. "Kwani ulitaka twiga? Twiga ni wa akina Kimeu. Baba yangu alichonga viboko, na mimi nachonga viboko. Siwezi kuamka asubuhi nikachonga twiga wa mtu."

"Hata bila mnyama yeyote? Shimo tu?"

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefundisha chekechea, "shimo tupu halichongwi. Shimo lazima liwe la mtu."

Niliivisha kamera kichwa hicho. Kilikaa kwa sauti ndogo ya mpira, kikashika. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani. Mzee alisema ametumia mjakaranda kwa sababu mpingo ungenivunja mkono. Niliuliza bei. Alitikisa kichwa.

"Nimechonga viboko maisha yangu yote," alisema. "Wamepanda ndege. Wamekwenda Ujerumani, wamekwenda Japani. Na huko wanafanya nini? Wanakaa kabatini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuajiriwa." Aliligusa sikio la kiboko. "Nataka huyu apate kazi. Kazi yako ya kwanza, yeye awe kazini. Tangu mwanzo mpaka mwisho, si kuingia na kutoka. Kisha uje unionyeshe alichokiona. Hiyo ndiyo bei."

"Mzee, hata mimi mwenyewe sijaajiriwa."

"Basi mtaajiriwa pamoja."

Mtu mwingine angecheka. Mimi nilimpa mkono, nikaahidi.

*

Jioni hiyo nilitoka na kiboko wangu kujaribu. Vijana waliokaa juu ya ukuta waliacha mazungumzo.

"Niaje Kageha! Hiyo nini, kiboko imemeza kamera?"

"Ni kofia ya lenzi."

"Kofia? Ebu iulize kama imekula."

"Wacha madharau, manze," mwingine akasema. "Hiyo ni msee wa National Park, ameletwa kuhesabu watu."

Mama mmoja aliyekuwa akianua nguo aliingia ndani, akarudi na kitambaa kichwani, akasimama wima kupigwa picha. Mbuzi wa jirani alimtazama kiboko, akafikiria, akaondoka. Lakini nyumbani, nilipoitazama kanda hiyo, nilivuta kiti karibu. Hakukuwa na mviringo wala ukungu. Shuka kambani zilikuwa nyeupe kama zilivyokuwa, na zile ghorofa ambazo watu wa Umoja wamejiongezea juu ya nyumba zao zilisimama na kila tofali lake. Kasoro ilikuwa moja. Nikiifungua lenzi mpaka mwisho ili ione upana wote, ncha za meno mawili ya chini ziliingia kwenye picha, moja kila pembe. Ningeweza kuzikata kwa msumeno wa Andati. Niliona ni vibaya kumng'oa mtu meno kabla hajaanza kazi. Niliamua tu kutoifungua lenzi mpaka mwisho.

Kazi yenyewe ilikuja wiki hiyo hiyo, na ilikuja kwa sababu ya mviringo wa kijani.

Askofu Opicho wa Kanisa la Nuru Ishukayo, ambaye ndiye aliyewabariki Ndanu na mumewe, aliniita kwenye ofisi yake iliyokuwa nyuma ya duka la vyuma. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya kupendeza, na video ya harusi ilikuwa imesimamishwa kwenye televisheni yake mahali pale pale: yeye ameinua mikono, na sahani ya kijani iko kichwani.

"Binti," alisema, "umeona?"

"Nimeona, baba askofu. Samahani sana. Ile ni—"

"Usiombe samahani! Nimehubiri miaka mingi nikiwaambia watu nuru inashuka. Sasa wanaiona. Waumini wamekuwa wengi mpaka tumetoka kwenye hema." Alinisogezea kiti. "Jumapili ya mwisho wa mwezi tuna mkutano mkubwa uwanjani. Uje na kamera yako. Nuru ikishuka tena, kazi ni yako. Ya kudumu. Ibada zote, harusi zote, mazishi yote. Nitakupa meza hapa, na funguo."

Mwisho wa mwezi ulikuwa mwisho wa Agosti. Nilitazama ile meza. Ilikuwa na droo.

Lakini singeweza kunyamaza. "Baba askofu, ule mviringo ni jua. Lilipiga lenzi kwa pembeni, likazunguka ndani ya vioo. Ni kosa la kamera tu."

"Jua?"

"Ndiyo, baba askofu."

"Na jua ni la nani?"

Nimesoma fasihi miaka minne na sijapata jibu la swali hilo mpaka leo.

"Jambo jingine," nilisema, na nikamtoa kiboko begini. "Sasa kamera ina kofia. Akiwa amevaliwa, jua haliingii."

Askofu alimtazama kiboko. Kiboko alimpigia mwayo.

"Basi avuliwe wakati wa baraka," alisema hatimaye. "Saa kumi, nitakapoinua mikono. Dakika mbili tu. Saa nyingine zote avaliwe, apumue, afanye anachofanya."

*

Dakika mbili. Nilitembea nazo kichwani mpaka nyumbani.

Andati alizisikiliza huku amevaa miwani yake ya jicho moja. "Lakini hapo kuna tatizo gani?" aliuliza. "Mvue, mvishe tena. Mzee hatajua."

"Nimeahidi tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Basi mwache kiboko, lakini weka karatasi ya peremende ya kijani kwenye lenzi. Toboa katikati. Mviringo huo hapo!"

Tulijaribu, kwa sababu Andati alikuwa ameshaila peremende. Tulimweka yeye mbele ya dirisha, ameinua mikono kama askofu. Kwenye kanda alionekana kama kabichi inayojisalimisha. Na hata kama angependeza, nisingeitumia. Mviringo wa harusi ulikuja wenyewe. Huu tungekuwa tumeupika.

Nilienda kumwona mzee Nzau. Wachongaji walifanyia kazi kwenye kibanda cha mabati upande wa Makadara, na kabla sijafika nilisikia jina langu. Mzee alikuwa amewaambia wote. Kiboko ameajiriwa! Kanisani! Walikuwa wameweka shoka chini wakimpongeza kama mtu ambaye mtoto wake ameitwa jeshini. Kimeu, yule wa twiga, alinivuta kando. Alikuwa amechonga twiga wawili waliosimama wakitazamana, na kati ya shingo zao kulikuwa na mfereji mwembamba.

"Hapa unatia vile vioo vyako vya kuchuja mwanga," alisema kwa haraka. "Kiboko anazuia, twiga wanachuja. Hata twiga wana watoto wa kulisha, dada. Usiwasahau."

Niliwapokea twiga. Kisha nilikaa kando ya mzee Nzau kwenye gogo.

"Mzee," nilisema, "kwa mfano tu. Mtu ameajiriwa, halafu mkubwa anafika, mtu huyo anaambiwa atoke nje kidogo. Dakika mbili. Kisha anarudi."

Alichuna maganda kwenye mti bila kuinua macho. "Atolewe nje wakati mkubwa amefika?"

"Kwa mfano."

"Huyo ameajiriwa," aliuliza mzee Nzau, "au amefichwa?"

Sikuuliza tena. Aliniambia kwamba amepeleka suti yake kwa dobi.

*

Jumapili uwanja ulijaa. Kulikuwa na jenereta, spika na kwaya yenye mikanda ya zambarau. Niliiweka kamera kwenye stendi upande wa kushoto wa jukwaa. Kiboko mbele, twiga wawili nyuma yake, mbele ya lenzi, wakishika kioo cha miwani ya Andati. Mzee Nzau alikaa mstari wa kwanza na suti yake nyeusi, mikono magotini, akitazama kamera na si jukwaa.

Askofu alianza vizuri. "Leo hakuna kitakachofichika!" alisema. "Kamera hii inaona yote!"

Watu wakageuka kuitazama. Hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa sababu walichokiona kilikuwa kinywa kilichofunguliwa wazi, kikisubiri.

Mwanamke aliyeitwa Nakhumicha, mwenye moyo mwema na macho hafifu, alidhani ndicho kipaza sauti. Wakati wa ushuhuda alipita jukwaa, akaja moja kwa moja mbele ya lenzi, akainama ndani ya kinywa cha kiboko.

"Bwana asifiwe," alimwambia. "Mimi ndiye ninayemwaga maji machafu mlangoni kwa jirani yangu. Naacha leo."

"Mama," nilinong'ona, "spika ziko upande ule."

Lakini nyuma yake tayari kulikuwa na foleni. Mwanamume mmoja alimwambia kiboko kwamba kila mwezi huwaambia watu wa nyumbani ana malaria ili asiwatumie pesa. Msichana wa kwaya alisema hajui wimbo hata mmoja, huwa anafungua mdomo tu. Akamtazama kiboko kama mwenzake. Kisha akaja shemasi Dedan, mtu wa heshima, msimamizi wa mitambo, akitokwa na jasho.

"Ni mimi," alisema kinywani mwa kiboko, "ninayezima jenereta mahubiri yakiwa marefu. Sio stima iliyopotea. Sio shetani. Ni mimi."

Hayo yote kamera iliyanasa kwa usafi mkubwa. Askofu, aliyekuwa amepungukiwa na wasikilizaji, alishuka jukwaani akitabasamu kwa ajili ya watu.

"Binti," alisema bila kusogeza midomo, "karibu ni saa kumi. Mvue huyo mnyama."

Nilitazama jua. Lilikuwa mahali pake hasa, chini kidogo, kwa pembeni. Nilijua kazi yangu. Nilijua kwamba kichwa hicho kikitoka, mviringo wa kijani ungetua juu ya askofu kama ndege anayejua kiota chake. Niliiona meza. Niliiona droo. Niliona pia basi la Vihiga, na watoto wadogo thelathini wakiimba a, e, i, o, u.

Askofu alipanda, akainua mikono. Niliweka mkono kwenye shavu la kiboko.

Mzee Nzau alikuwa amesimama. Watu wote walisimama kwa ajili ya baraka, lakini wao walikuwa wamefumba macho. Yeye alikuwa ameyafumbua, amenyoosha mgongo kama mzazi siku ya mahafali, akimtazama kiboko wake mbele ya mkubwa, wakati wenyewe, hajafichwa.

Niliutoa mkono wangu pale shavuni, nikauweka kwenye kitufe cha lenzi. Niliifungua mpaka mwisho.

*

Askofu aliitazama kanda kesho yake ofisini. Aliitazama mara mbili. Hakuwa na hasira. Hilo lilinifanya niumie zaidi.

"Hakuna kitu," alisema.

"Hakuna, baba askofu."

Kwenye televisheni alikuwa amesimama na mikono juu, na kila kitu kilionekana: jasho la paji la uso, kiraka cha kanzu, macho yaliyochoka ya mtu aliyekesha akiandaa mahubiri. Mimi niliona picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Yeye alisogea karibu na kioo.

"Nimezeeka hivi?"

"Umefanana na mtu anayewapenda watu wake, baba askofu."

Alizima televisheni. "Picha yako ni safi mno, binti. Usafi huu hausaidii kanisa. Nitamtafuta mtu mwenye kamera mbaya zaidi." Alinishika mkono, akanisindikiza mpaka mlangoni, na nilipokuwa nikitoka akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kumwachia ile sehemu ya shemasi Dedan.

Andati hakunigombeza. Alikuwa amekwisha kuongea na Shamis. Kamera ingerudi Eastleigh asubuhi iliyofuata. Aliuliza tu kama angeweza kupata kioo chake, nami nikakichomoa kati ya shingo za twiga. Alikirudisha kwenye miwani, akaivaa, akatazama dirishani.

"Kumbe dunia ni nyeusi hivi," alisema. "Nilikuwa nimesahau."

Alasiri nilichukua kamera, nyaya na kiboko, nikaenda Makadara. Kimeu alikuwa na televisheni ndogo iliyokula betri ya gari. Wachongaji walikaa juu ya magogo, vumbi la mbao magotini. Mzee Nzau alikuwa bado amevaa suti.

Walimtazama Nakhumicha. Walimtazama shemasi, na wakaomba arudiwe. Hatimaye askofu akainua mikono, picha ikafunguka, na uwanja wote ukaonekana, umati, mikanda ya zambarau, vumbi linalong'aa, na huko mstari wa mbele mzee mwembamba wa suti nyeusi aliyenyoosha mgongo. Chini, kila pembe ya picha, palisimama jino.

Mzee Nzau alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Aliweka kidole kwenye jino la kushoto, kisha la kulia.

"Yupo," alisema.

"Meno tu," alisema Kimeu. "Na twiga wangu je?"

"Twiga walikuwa nyuma ya kiboko, wanachuja," nilimwambia. "Bila wao askofu angekuwa mweupe kama karatasi."

Kimeu alitikisa kichwa, ameridhika. Mzee Nzau alinigeukia.

"Hakutoka hata kidogo?"

"Hakutoka, mzee. Tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Hata mkubwa alipofika?"

"Hata mkubwa alipofika."

Alivuta pumzi ndefu, akafungua kifungo cha koti. Kisha akakumbuka jambo. "Na wewe? Wamekuchukua?"

"Bado, mzee."

Alimtazama kiboko, akanitazama mimi, na nilimwona akitafuta namna ya kulisema bila kuniumiza.

"Basi yeye amekutangulia," alisema.

"Amenitangulia, mzee."

Kamera ilikuwa yangu mpaka asubuhi. Niliirudisha kanda nyuma mpaka mwanzo, kwa sababu mzee alitaka kuona tena jinsi kiboko wake alivyoingia kazini.